Vidole Vyako Vinalindwa Kazini: Je, Njiani?

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mnaobaki nyumbani mkitega sikio kwa mlio wa pikipiki ya baba,

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, saa moja ya asubuhi haijagonga, nilikuta watu watatu kwenye benchi ya dispensari. Kila mmoja alikuwa ameushika mkono mmoja kwa mkono mwingine, kama mtu aliyebeba yai. Nikafikiri kumetokea jambo usiku kwenye mashine ya kuvunja mawe. Sivyo. Wote watatu walikuwa wanakuja kazini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika.

Wa kwanza alipigwa na matete. Mvua zilikuwa zimeyainamisha juu ya njia, naye akapita upesi. Bua moja nene liliingia kwenye manete ya freni ya mbele, yaani kile chuma tunachokivuta kwa vidole vya mkono wa kuume. Bua likavuta freni ambayo yeye hakuitaka. Gurudumu la mbele likasimama, yeye akaendelea.

Wa pili alipishana na msukuma baiskeli aliyebeba magunia ya mpunga. Mnawajua wale ndugu: hufunga fimbo kwenye usukani wa baiskeli wapate kuiongoza wakiwa pembeni. Fimbo ile ilimpiga juu ya vifundo vya vidole. Wa tatu aliteleza tu kwenye tope, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, lakini kidole chake kidogo kilibaki kati ya manete na jiwe.

Watatu hao walikuwa wamevaa kaske, nami nilifurahi kwa ajili ya vichwa vyao. Lakini mkono wa binadamu una mifupa 27, na mtu anayeshika mashine ya kutoboa mwamba hana kazi anayoweza kuifanya kwa kichwa peke yake.

Nilipotoka nje kuvuta pumzi nikatazama ule ubao wa mlangoni unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Mlinzi alikuwa anaongeza siku moja.

Neno langu la leo ni hili. Tufunge kinga za mikono kwenye pikipiki zetu, na tuzifunge sawasawa. Na kuzifunga sawasawa kunataka kwanza tuondoe vitu vingi tulivyovipachika kwenye usukani, au gido kama tunavyosema. Najua neno hili la pili litawaudhi vijana. Waniwie radhi, lakini wasome mpaka mwisho.

Mwenye kuijua njia ya Wamaza au ile ya Salamabila hahitaji kuelezwa sana. Tangu mvua za Septemba hadi Mei nyasi hukua kupita urefu wa mtu, na pale ambapo salongo ya kufyeka haikufanyika njia hubaki na upana wa mkeka. Katika upana huo mnapishana pikipiki mbili zenye abiria wawili wawili, mbuzi, na baiskeli zenye mizigo kila upande. Kinachotangulia kufika kwa mtu unayepishana naye si gurudumu wala goti. Ni ncha ya usukani, na kwenye ncha hiyo ndipo vidole vyako vilipo.

Kuna wanaoniambia kwamba kinga za mikono ni mapambo ya Wazungu wanaoshindana kuruka vilima. Ninawajibu: itazameni Yamaha AG 100, ile pikipiki ambayo watu wa afya na wa mashirika wameitumia miaka mingi kwenye njia mbaya za Afrika. Herufi hizo AG zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo, maana ilibuniwa kwa wafugaji wa Australia na New Zealand wanaofuata mifugo porini. Ilitoka kiwandani tayari na vyuma vinavyozunguka manete zote mbili, na mnyororo uliofunikwa. Waliijua kazi yake. Boxer na TVS tunazozinunua wengi wetu zilifikiriwa kwa barabara za mji, na huja na manete zikiwa wazi. Kosa si la pikipiki. Sisi ndio tuliozileta kwenye matete.

Sokoni utakuta kinga za namna mbili, na wauzaji huziita jina moja. Ya kwanza ni gamba la plastiki linaloshikwa mahali pamoja tu, mara nyingi kwa bulo ya kioo cha kutazamia nyuma. Hiyo huzuia upepo, mvua na majani. Ukianguka, hupinda au huvunjika. Ya pili ina mgongo wa aluminiamu unaoshikwa mahali pawili: kwa kibano karibu na katikati ya usukani, na kwa bulo inayoingia ndani ya bomba, kwenye ncha. Gamba la plastiki hufungwa juu ya mgongo huo. Hiyo ndiyo inayoweza kupokea pigo la mti, la baiskeli au la ardhi kabla ya vidole vyako. Fedha ikitosha, nunua hiyo. Isipotosha, soma mbele, nitasema habari ya bidoni.

Sasa tuje kwenye usukani wenyewe. Siku ya soko nilizitembelea pikipiki zilizopangwa kivulini, bila kuuliza mtu, nikitazama tu. Nikaona mwamvuli, honi mbili, taa ndogo nne za kuongezea, kishikio cha simu, chaja ya simu, bafle ya muziki, vioo viwili vya ziada visivyotazama kokote, maua ya plastiki, na minyororo ya kufulia. Hayo ni ya kununua. Kuna na ya bure: kuku wawili wameninginizwa vichwa chini, na kidumu cha mawese. Kidumu cha lita 5 kina uzito wa kilo 4 na nusu hivi. Kikining'inia upande mmoja, kila ukipinda kona kinapinda kona yake mwenyewe.

Usukani wa pikipiki hizi ndogo ni bomba la unene wa milimita 22, na sehemu iliyo tupu kila upande, ukiondoa mpira wa kushikia na manete, haizidi sana upana wa kiganja. Kibano cha kinga kinahitaji nafasi ya vidole viwili hapo. Mwenye pikipiki analeta kinga mpya kwa fundi, na nafasi imekwisha kuliwa na bafle na chaja. Fundi afanyeje? Husogeza manete ya freni pembeni, hupinda kebo ya ambreaji, hukiweka kibano juu ya kebo au juu ya mpira wa mafuta ya freni, hukaza kwa nguvu, hupokea fedha yake. Pikipiki huondoka ikipendeza kuliko ilivyokuja, na ni mbaya kuliko ilivyokuja. Kebo iliyobanwa huwa nzito, na nyuzi zake hukatika mmoja mmoja bila kuonekana. Mpira wa freni uliobanwa husuguliwa mpaka utoboke. Kwa njia zote mbili umenunua kinga ya mkono ukalipa kwa freni.

Kwa hiyo anza kwa kuvua. Vua kila kitu kisichoendesha, kisichosimamisha, kisichomulika, na kisichokuonyesha aliye nyuma yako. Simu iende mfukoni. Hakuna habari inayoweza kukufikia kati ya hapa na mgodini ambayo haiwezi kungoja dakika 20. Chaja, ukiipenda sana, ifungwe karibu na mahali pa ufunguo, mbali na manete. Bafle libaki nyumbani, mama asikilize. Juu ya mwamvuli nimegombana na watu wengi, nami sijabadili mawazo: nalijua jua la Kasongo, lakini mwamvuli uliofungwa kwenye usukani humfanya upepo awe dereva wa pili.

Baada ya kuvua, rudisha manete mahali pake. Manete kwanza, kinga baadaye. Wengi hufanya kinyume. Kaa juu ya pikipiki kama unavyokaa njiani, nyosha vidole juu ya manete: mkono uwe umenyooka kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kifundo kisipinde juu wala chini. Kaza kibano cha manete kiasi kwamba mtu mwenye nguvu akiisukuma kwa mkono igeuke kidogo. Mafundi wengi hukaza mpaka bulo ilie. Manete iliyokazwa hivyo, ukianguka, haina la kufanya ila kuvunjika. Ile inayoweza kugeuka itageuka, utairudisha, utafika nyumbani.

Ndipo ulete kinga. Kibano chake kikae kwenye bomba tupu, si juu ya kebo, si juu ya waya za taa. Kebo zipite upande ambao hazitapindwa. Vuta manete mpaka mwisho: isiguse chuma cha kinga mahali popote. Iachie: kati yake na kinga kidole chenye glavu kipite bila kusukumana. Usitie kipande cha mpira wa gurudumu ndani ya kibano kilicho kikubwa kuliko bomba. Kitageuka siku ya kwanza utakapokihitaji. Tafuta kibano cha milimita 22. Na wewe fundi unayesoma, kumbuka kwamba pikipiki nyingi za Yamaha zina kioo cha kuume ambacho bulo yake hufunguliwa kwa kugeuzwa kinyume. Nimeona zaidi ya mmoja akiivunja huku akimlaumu mwenye pikipiki.

Sasa ncha ya mkono wa kuume. Hapa ninaungama kosa langu mwenyewe. Upande wa kushoto mpira wa kushikia umetulia, hauna shida. Upande wa kuume mpira huo unazunguka, maana ndio unaoongeza na kupunguza mafuta. Bulo ya kinga inapita katikati yake. Lazima mpira ukatwe mwishoni pawe wazi, na kati ya mpira na chuma cha kinga pabaki nafasi ambayo njiti ya kiberiti inapita. Mimi nilipofunga kinga zangu nilikaza mpaka vyote vikabanana, nikaona ni imara, nikajisifu. Kwenye mteremko wa kwanza niliachia mafuta yapungue. Hayakupungua. Mpira ulikuwa umenaswa mahali pale pale. Nilikata moto kwa ufunguo, nikiwa nimekwisha kuingia katika shamba la mihogo la mama mmoja, na boksi la bendeji limetawanyika juu ya matuta. Mama yule aliniuliza kama mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Nikamlipa mihogo yake.

Tangu siku hiyo sitoki bila kujaribu. Ninaongeza mafuta mpaka mwisho na kuachia: lazima mpira urudi wenyewe, upesi, na usikike ukigonga. Halafu ninawasha moto, pikipiki imesimama juu ya mguu wa katikati, ninageuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kuume. Sauti ya mashine isibadilike. Ikipanda, kebo inavutwa, na siku moja utageuza pikipiki mbele ya kundi la watoto nayo itaruka mbele yenyewe. Katika kugeuza huko tazama pia kama kinga inagonga tangi au saa ya mwendo, na kama vidole vyako vinabanwa kati ya kinga na tangi. Baada ya safari ya kwanza kaza bulo zote tena, maana mawimbi ya barabara zetu hulegeza hata ndoa. Kisha kila juma utazame.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Kuna baba mmoja, mwenzetu, sitataja hata idara yake. Aliogopa matete kama nilivyowaeleza, na fedha ya kununua kinga hakuwa nayo. Akaenda kwa fundi wa kuunga vyuma. Fundi akakunja ferabeto, chuma cha kujengea, akakizungusha mbele ya manete, akakiunga kwenye usukani kwa moto. Ilionekana imara kweli. Lakini ncha moja ilikuwa imekatwa kwa msumeno na haikusuguliwa, nayo ilitokeza kuelekea kwa dereva, urefu wa kidole gumba. Mtu mzima akikaa kwenye kiti chake haimfikii.

Jumapili baba alimchukua binti yake wa miaka minne kwenda kumsalimu bibi yake, njia ya Kipaka. Mtoto alikaa juu ya tangi, mbele ya baba, ameshika usukani, kama watoto wetu wote wanavyopenda. Mbuzi akavuka. Hawakuanguka hata. Baba alishika freni, pikipiki ikasimama, mtoto akasogea mbele kiasi cha mkono mmoja. Alilia kidogo. Tumboni, chini ya mbavu za kushoto, palikuwa na alama ndogo kama kifungo cha shati, bila damu. Bibi akampa ndizi.

Jioni mama ndiye aliyeona. Mtoto alikuwa mweupe wa midomo, hataki chakula, anasema bega la kushoto linamuuma, na bega halikuwa limeguswa na kitu. Mama hakungoja asubuhi. Alimleta kwangu mgongoni saa tatu ya usiku, na nilipoweka mkono tumboni nikakuta gumu kama ubao.

Ndugu msomaji, chini ya mbavu za kushoto kuna wengu, ambalo wengine huliita bandama. Limejaa damu, na ngozi yake ni nyororo, hasa kwa watoto wetu ambao malaria hulivimbisha kila mwaka. Likipasuka, damu hutoka ndani na haionekani nje. Damu hiyo ikigusa chini ya pafu, maumivu husikika begani. Madaktari wa nchi nyingi wanaijua sana ajali hii: ncha ya usukani, mara nyingi wa baiskeli, inayomwingia mtoto tumboni na kuacha alama ndogo isiyomtisha mtu. Usiku ule ule tulimpeleka binti hospitali kuu. Walimpa damu, wakamlaza, wakamchunga saa kwa saa. Alirudi nyumbani mzima. Baba yake alirudi kwa yule fundi kabla hata ya kwenda kazini, akamwambia kata.

Simlaumu baba yule, na ndiyo sababu ninaandika. Yeye alifikiri juu ya mikono yake kuliko wengi wetu. Lakini kinga isiyoweza kupinda, yenye ncha, iliyoungwa kwenye usukani, hulihamisha pigo tu kutoka kwenye vidole na kulipeleka tumboni au pajani, mwako au mwa mwanao. Tena moto wa kuunga vyuma juu ya pikipiki yenye petroli tangini na betri imefungwa ni hatari nyingine kabisa. Na mtoto asikae juu ya tangi. Kati yako na usukani yeye ndiye mto wako wa kuangukia, hata kama hukukusudia. Akina mama, katika hili ninawategemea ninyi, kwa kuwa baba akisema "ni hapa karibu tu" ninyi ndio mnaoweza kumnyang'anya mtoto. Na mtoto aliyegongwa tumboni na usukani wa namna yoyote, hata akicheka, achungwe siku nzima na usiku. Akiwa mweupe, akitapika, tumbo likiwa gumu au bega likiuma, msimpe dawa ya majani, msingoje kuche.

Haya, bidoni. Chukua bidoni ya plastiki ya manjano ya lita 20, ile iliyopasuka chini. Ubavu wake mmoja unatosha kutoa magamba mawili. Kata umbo la jani pana, urefu wa kiganja na vidole vilivyonyooshwa na zaidi kidogo, mpindo wa bidoni uelekee mbele. Zungusha pembe zote kwa mkasi, halafu zisugue kwa jiwe mpaka ukizipitisha shavuni zisikukwaruze. Toboa matundu manne, funga kwenye shina la kioo na kwenye bomba kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Gamba likae mbele ya manete, lisiiguse. Usitumie bati; bati hukata.

Gamba hilo halitakuokoa ukianguka juu ya jiwe, nisikudanganye. Lakini matete yatateleza juu yake badala ya kuingia kwenye manete, na fimbo ya msukuma baiskeli itapungua nguvu kabla ya kufika kwenye vifundo. Likigongwa linapinda. Likiharibika unakata jingine. Kwa njia zetu mimi ningeshika bidoni kuliko ferabeto siku zote, hata ningepewa ferabeto bure.

Ikiwa mkono umekwisha kuumia, vua pete kwanza, kabla haujavimba. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, bonyeza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, uinue mkono juu ya moyo. Kidole kilichopinda usikivute. Fungia mkono ukiwa umekunjwa kidogo kama unaoshika gilasi, uje dispensari ukiwa abiria. Usitie petroli, wala udongo, wala dawa ya meno, wala majivu. Kibanzi cha tete kilichobaki ndani ya kidole huonekana kitu kidogo, lakini pepopunda hupitia mlango mdogo kama huo, kwa hiyo njoo tutazame kama chanjo yako ingali na nguvu.

Nina neno pia kwa wakubwa wetu, na ninalisema kwa heshima. Mlangoni pa mgodi mlinzi humrudisha mtu asiye na glavu, na ni vizuri. Lakini Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya hifadhi ya jamii haianzii mlangoni. Inaihesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa ajali ya kazi, mradi mfanyakazi hakupotoka njia kwa mambo yake mwenyewe. CNSS, ile iliyoitwa INSS zamani, inautambua mkono uliovunjika kwenye matete. Ubao wetu hauutambui. Komite ya usalama, ambayo Sheria ya Kazi ya 2002 inaitaka, ingeweza kuongeza mstari wa pili kwenye ubao kwa ajili ya njia. Mstari huo ungetuaibisha miezi ya kwanza. Afadhali.

Tena garaji ya kampuni ina meza, vyombo, na mafundi wanaojua kukaza bulo bila kuiliza. Ninaomba ifunguliwe Jumamosi moja kwa mwezi, saa tatu tu, kwa pikipiki za wafanyakazi. Kampuni isitoe kinga wala bulo. Itoe ufunguo, mwanga, na fundi mmoja wa kutazama kama mafuta yanarudi. Mkono mmoja uliofungwa bendeji majuma sita unaigharimu idara kuliko hizo saa tatu, na mkubwa yeyote anayepanga watu wa zamu anaijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Wakati tunangoja jibu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya saa nne ya asubuhi, nitakuwa nyuma ya dispensari, chini ya mwembe. Ninazo bidoni mbili zilizopasuka, mkasi mkubwa na mipira ya ndani ya kutosha pikipiki nane au kumi. Lete yako. Mwenye bidoni mbovu nyumbani aje nayo, na mwenye bafle kwenye usukani aje na mfuko wa kulirudishia.